Mwalimu Makopo na Saa ya Korongo

Watoto wa darasa la sita ndio waliompa jina la Mwalimu Makopo, likamganda mpaka wazazi wao nao wakawa wanamwita hivyo mbele yake bila kuona haya. Hakulichukia. Ukiingia darasani kwake, cha kwanza kukutana na macho kilikuwa ile meza yake: kopo la maziwa ya unga lililoliwa na kutu, kopo la dawa ya viatu, kandili isiyo na kioo, na kufuli kubwa ambalo ufunguo wake hakuna aliyejua uliishia wapi. Mgeni angedhani amekosea njia, ameingia kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini iliyowalazimu watoto kunyamaza ili wamsikie. Pale mjini alikuja kwa kuolewa, vita vikiwa vimekwisha siku nyingi. Watoto wake wote watatu walizaliwa pale, lakini watu waliendelea kumhesabu mgeni. Kwenye bomba la maji, mazungumzo yakifika kwenye Mwaka wa Kukimbia, mji mzima ulipohama kwa vita, wenzake walikuwa wakimtupia jicho la pembeni, kisha mmoja anaanza kusifia sabuni.

Mumewe alikuwa fundi wa saa na redio, mwenye kibanda mkabala na posta, mtu ambaye ukimuuliza jambo anamaliza kwanza kukaza skrubu. Wakati wa kuhamia nyumba yao ya pili, walikunja zulia la plastiki lililobandikwa sebuleni, wakakuta chini yake sakafu nzima imetandikwa magazeti ya miaka ya vita. Mume alitaka kuyafagia. Mke alipiga magoti na dekio mkononi, akaanza kusoma, mpaka maji ya ndoo yakapoa.

Habari zenyewe hazikumshtua. Magazeti yale yalisema kila kitu ni shwari mpaka siku mji ulipokuwa mtupu. Kilichomshika ni matangazo. Kwenye kurasa za mwanzo waliuza mafuta ya nywele, baiskeli, redio, poda ya watoto. Baadaye kidogo, poda ikapungua, yakaja masanduku ya safari, tochi na makufuli. Ukurasa mmoja ulikuwa na makufuli matupu. Kisha yakafuata matangazo madogo madogo ya watu wa kawaida: kitanda na kabati vinauzwa haraka, mwenyewe anasafiri, cherehani nzima, mwenyewe anasafiri, mbuzi na kibanda chake, mwenyewe anasafiri. Mwishoni safu ya matangazo ilibaki nyeupe.

Kwenye kitabu cha historia vita vile vilipewa nusu ukurasa, na robo yake ilikuwa picha ya daraja. Watoto walikuwa wakipiga miayo. Kwa hiyo siku moja alifunga kamba kutoka dirisha hadi dirisha, akabana magazeti kwa vibanio vya nguo, kila moja kwa tarehe yake, akawaambia watoto wasisome habari hata moja, wasome matangazo tu, halafu wamwambie nini kinatokea mjini. Walitembea kando ya kamba wakicheka bei za zamani. Walipofika katikati, kicheko kikaanza kukatika. Mtoto mmoja akauliza, "Mwalimu, mbona kila mtu anasafiri?" Mwalimu alimpa lile kufuli alishike, alipime uzito.

Mwalimu Mkuu aliposikia habari hizo, alikuja kusimama mlangoni. Alikuwa mtu mrefu, mpole, aliyechomekea shati kila siku ya Mungu, na masikio yake yalisimama kama vipini vya sufuria. Alisema kazi ile ni nzuri, tena alitoa kabati la chuma kutoka ofisini kwake ili vitu visipotee. Ufunguo mmoja alimpa, wa pili akabaki nao.

Hapo ndipo Mwalimu Makopo alipochukua hatua ya pili, ambayo baadaye alijiuliza kama angeichukua tena. Aliwaambia watoto kila mmoja alete kitu kimoja kilichokuwepo nyumbani kwao wakati wa vita.

Vikaja vitu: dumu, pasi ya mkaa, sanduku la bati. Mwalimu alivipokea kwa furaha, na furaha yake ilidumu mpaka alipoanza kuvigeuza na kuvitazama mgongoni. Sanduku lilikuwa limekwanguliwa kwa kisu mahali pa jina la mwenyewe. Pasi nayo ilikuwa imepigwa tindo kwenye mpini, na chini ya alama za tindo zilionekana herufi ambazo hazikuanza jina la mtu yeyote wa nyumba ile. Machale yakaanza kumcheza. Alivirudisha kabatini.

Wazazi nao hawakukaa kimya. Muuza saruji, baba wa mtoto aliyeleta sanduku, alifika wakati wa mapumziko, akakataa kiti. Alitaka kujua kama mambo haya yametoka wizarani au yametoka kichwani kwake mwalimu. Alipoambiwa yametoka kichwani, akasema kichwa hicho kina wageni wengi, akachukua sanduku lake, akaondoka. Jioni ile ile mumewe alisikia kibandani kwamba kuna tume inakuja kupita nyumba kwa nyumba kuangalia nani ana mali ya nani, na mwalimu ametangulizwa kunusa.

"Wewe umetumwa?" mume alimuuliza, akitabasamu, lakini alisubiri jibu.

Katikati ya minong'ono hiyo ndipo msichana mmoja alipoleta saa. Alikuwa mtoto mwembamba aliyekaa mbele, wa kuinua mkono kabla swali halijaisha, aliyelelewa na bibi yake mzaa baba. Aliibeba kifuani, imefungwa kwenye shuka ya maua. Shuka ilipofunguliwa darasa zima lilivuta pumzi. Ilikuwa saa ya ukutani ya mbao nyekundu, na usoni mwake alichorwa korongo amesimama kwa mguu mmoja. Na ilikuwa inatembea. Ilitundikwa kwenye msumari juu ya ubao, na siku ile hakuna aliyetazama kitu kingine.

"Nyumbani kwenu huwa iko ukutani gani?" Mwalimu aliuliza, swali la kawaida tu.

"Haiko ukutani," msichana akasema. "Iko chini ya kitanda cha Bibi. Tena imefunikwa."

Jioni, mume alipoelezwa, aliacha kula. Alisema saa ya namna ile haiwezi kulala chini ya kitanda miaka yote hiyo kisha ikatembea vizuri. Mafuta yangeganda. Mtu alikuwa akiitunza. Na mtu anayeitunza saa namna hiyo, mbona haitaki ukutani?

Kesho yake Mwalimu Mkuu aliingia darasani kutangaza habari za usafi. Alifika mbele, akageukia ubao, akaiona saa. Alisimama pale kama aliyemwagiwa maji ya baridi, watoto wakaanza kutazamana, kisha akatoka bila kutangaza chochote. Saa ya kwenda nyumbani ilipofika alimwita Mwalimu Makopo, akamwambia, bila kumtazama usoni, kwamba vitu vyote vifungiwe kabatini na somo lile lipumzike kwanza. Alipoulizwa kwa nini, alisema wazazi wamelalamika. Lakini wazazi walikuwa wamelalamika tangu mwanzo na hakuwahi kuwajali.

Baada ya siku mbili saa haikuwepo.

Vitu vingine vyote vilikuwa mahali pake. Ila shuka ya maua nayo haikuwepo, maana aliyeiba aliifungia saa humo. Kabati halikuvunjwa wala kuchubuliwa. Mwalimu Makopo alisimama mbele yake akiwa na ufunguo wake mkononi, akiwaza ule mwingine. Alijaribu kumshuku mlinzi, lakini haukupita muda ikambidi aache. Mlinzi yule alikuwa akiogopa hata kandili, akidai ina mizimu ya wenyewe. Alimfikiria muuza saruji. Kila alipozunguka, alijikuta amerudi pale pale, kwa mtu mwenye shati lililochomekewa. Akajijengea hesabu yake: Mwalimu Mkuu ni mtoto wa mji huu, watu wa kwao walijibebea vitu vya watu kama wengine, ameona saa ile itafungua mdomo wa mtu, akaiondoa. Ndiyo maana alitoa kabati. Ndiyo maana alibaki na ufunguo. Hesabu ilikubali vizuri mno, na hilo pekee lingetosha kumtia shaka, ila alikuwa na hasira.

Kwanza ilimbidi aende kwa kina msichana kuomba radhi. Alijikaza kisabuni. Njiani alipanga maneno ya kusema akitukanwa.

Bibi alikuwa barazani akifumua sweta kuukuu na kuukunja uzi wake kuwa mpira. Mwalimu alimwamkia, akapewa kigoda, akaeleza yote: saa, kabati, kupotea, na jinsi atakavyoitafuta mpaka ipatikane. Bibi hakuacha kukunja uzi.

"Saa gani?" akasema.

Mwalimu akaeleza tena: ya mbao, yenye korongo.

"Hapa hatujawahi kuwa na saa, mwanangu. Sisi tunatazama jua."

Msichana alikuwa amesimama mlangoni. Mwalimu alimwona akifungua mdomo, akamwona akiufunga. Bibi alimtuma akalete maji ya mgeni, na maji yalipoletwa Mwalimu aliyanywa yote ili apate la kufanya. Alirudi nyumbani akiwaza. Mtu aliyeibiwa hupiga kelele, hudai, hulia. Huyu alikuwa amekana kitu chake mwenyewe, mbele ya mjukuu wake, kwa uso mkavu.

Msichana hakuonekana shule kesho yake, wala siku zilizofuata.

Mwalimu Makopo alitoa magazeti yote, akayatandaza juu ya meza ya chakula kabla giza halijaingia, watoto wake wakala wameshika sahani mapajani. Alikuwa anamtafuta korongo. Alikumbuka, kama mtu anavyokumbuka harufu, kwamba amewahi kumwona. Akampata kwenye moja ya magazeti ya mwanzo kabisa, ya wakati wa poda na baiskeli: tangazo kubwa la sabuni ya Korongo, ambayo watengenezaji wake walifanya shindano la kukusanya karatasi zake, na chini yake picha ya mshindi wa kwanza wa mji ule. Mwanamke kijana amekumbatia saa ya ukutani, anacheka mpaka macho yamefumba. Pembeni yake kuna mtoto wa kiume amemshika gauni. Jina halikuandikwa.

Alimsogezea mumewe. Mume aliweka jichoni ile lenzi yake ya kazini, akainama juu ya picha.

"Huyu mama simjui," akasema. "Lakini masikio haya nayajua."

Mwalimu Makopo alikaa chini. Ile hesabu yake yote iligeuka, miguu juu kichwa chini. Mtu aliyemdhania mwizi aliiba kitu cha mama yake mwenyewe.

Asubuhi aliingia ofisini, akafunga mlango, akaliweka gazeti juu ya meza. Mwalimu Mkuu alipoongea alikuwa anaongea na ile picha. Alisema hakuwa na picha yoyote ya mama yake akicheka.

Habari aliyotoa haikuwa ndefu. Walikimbia na nguo walizovaa. Waliporudi, nyumba ilikuwa kuta tu. Hata milango ilikuwa imebebwa. Kwenye ukuta wa sebule ulibaki msumari wa saa, na mama yake hakuruhusu ung'olewe wala kitundikwe kitu kingine, mpaka amekufa. Sasa saa imerudi kwenye msumari ule ule. Aliitundika jioni ile ile aliyoichukua.

"Kwa nini hukusema?" Mwalimu Makopo aliuliza. "Ungesema tu, hii ni yetu."

"Ningemwambia nani?" Mara hii alimtazama. "Yule bibi ndiye aliyetupokea tuliporudi. Tulilala kwake, tukala kwake, mpaka baba alipopata bati za kuezekea. Mimi nililala kwenye kitanda chake, Mwalimu. Labda ilikuwa chini yangu wakati wote ule. Labda ilikuja baadaye, kwa njia nyingine. Sijui. Siku hizi nikimwamkia barabarani, hiyo sijui ndiyo inayonikaa kooni."

Mwalimu Makopo alimsikiliza, na alimhurumia, lakini jicho lake halikulala. Mtu aliyeweza kufungua kabati, kuiba, kisha akaja mstarini asubuhi kuhimiza uaminifu, anaweza pia kupamba hadithi. Akamwambia mambo yao ya zamani ni yao. Lake ni mtoto. Kuna mtoto yuko nyumbani anadhani amepoteza mali ya bibi yake, au amefichua aibu ya bibi yake, na kwa vyovyote vile anadhani kosa ni lake. Saa ibaki msumarini akitaka, lakini leo jioni watakwenda.

Walikwenda. Mwalimu Mkuu alibeba ile shuka ya maua, imefuliwa na kupigwa pasi. Barabara nzima iliwatazama. Kwenye duka la saruji mtu alitoka nje kabisa ili aone vizuri wanaelekea wapi.

Bibi aliwaona wakiwa mbali, akaweka uzi chini, akaingia ndani kuwangojea.

"Mama Mkubwa, shikamoo," Mwalimu Mkuu akasema, akimwita kama alivyomwita utotoni. "Nimekuletea shuka yako."

Bibi aliipokea. Aliikunja tena ingawa ilikuwa imekunjwa, akaiweka mapajani, akailaza kwa kiganja. Mwalimu Makopo akadhani atakana shuka nayo.

"Inatembea?" Bibi akauliza.

"Inatembea."

"Usiizidishe ufunguo. Mama yako alizidisha mara moja, ikakwama, akalia kama mtoto. Itie Jumamosi, basi. Mimi huitia Jumamosi."

Mwalimu Mkuu alichuchumaa mbele yake, mtu mrefu vile, magoti yakilia. "Mama Mkubwa, ilikuwa hapa tangu lini?"

Bibi hakumtazama yeye. Alimtazama Mwalimu Makopo, kwa utulivu, kama mtu anayesoma kibao cha duka.

"Anayeuliza ni wewe au ni huyu?"

"Ni mimi," Mwalimu Mkuu akasema.

"Basi mwalimu akapumzike nje na mjukuu wangu."

Mwalimu Makopo alitoka. Maisha yake yote alikuwa akitafuta kusikia jambo kama hilo kutoka kwenye mdomo wa aliyekuwepo, na sasa aliambiwa apishe. Alikaa kwenye ngazi, msichana akakaa kando yake akivuta uzi kwenye pindo la gauni. Sauti za ndani zilikuwa za chini. Alitega sikio, hilo hakulificha baadaye hata kwa mumewe, lakini hakupata neno hata moja.

"Mwalimu," msichana akasema, "sisi ni wezi?"

"Sijui kilichotokea," Mwalimu akasema. "Ninachojua ni kwamba wewe hukuwepo. Na ninajua saa haitembei miaka yote hiyo bila mtu kuitunza."

"Alikuwa anaitunza awarudishie?"

"Au aliogopa kuirudisha. Au yote mawili. Hilo utakuja kumuuliza wewe, ukikua. Mimi hataniambia."

Msichana akauliza kama kesho kuna jaribio la hesabu, na alipoambiwa lipo, akasema basi atakuja.

Mwalimu Mkuu alitoka jua likiwa limeshuka. Uso wake ulikuwa umeoshwa. Ndani mle kulikuwa na maji, na mtu alikuwa amemmiminia anawe machozi. Walitembea pamoja mpaka njia panda, na Mwalimu Makopo alisubiri. Mwalimu Mkuu alizungumzia ratiba ya muhula ujao. Alisema somo la magazeti liendelee. Hakusema zaidi ya hapo, si siku ile wala siku nyingine yoyote, na Mwalimu Makopo, ambaye kila walipokutana ofisini alimchungulia usoni kuona kama ni uso wa mtu aliyesamehe au uso wa mtu aliyedanganywa vizuri, hakuweza kuamua.

Lile tangazo hakulitundika kwenye kamba. Aliliwekea fremu, akampa mwenye mama.

Habari haikuhitaji kupigiwa tarumbeta. Mji uliona shuka ikibebwa, ukajumlisha wenyewe. Kwa muda watu walimkwepa Mwalimu Makopo kabisa. Bombani wanawake walijaza nusu ndoo wakaondoka. Halafu asubuhi moja mlinzi alikuja mbio kusema kuna kitu getini. Ilikuwa kandili, nzima, imefutwa vumbi. Hakuna aliyeona nani ameiweka. Baadaye ikaja trei ya bati, halafu sanduku lenye jina lililokwanguliwa, ambalo Mwalimu Makopo alilijua mara moja na hakusema. Kikaja kiti kidogo cha mtoto, kimefungwa kamba kwa uangalifu kisipate kuchubuka.

Alivipanga kwenye kingo ya dirisha la darasa, upande wa barabarani. Watoto walivitumia kwenye somo. Walijifunza kuuliza kitu kilitengenezwa kwa kazi gani, tangazo lake lilisema nini, na mwisho, kwa sauti ya chini, kilikuwa cha nani. Yeye mwenyewe alifundisha akiwa amesimama mahali anapoweza kuona nje. Watu wazima walikuwa wamebadili njia zao. Waliopita upande wa pili wa barabara zamani, sasa walipita huku, polepole, wakijifanya wanatazama watoto. Aliwachunguza mmoja mmoja: huyu anatafuta chake, au anahakikisha alichokiacha hakijatambuliwa?

Siku moja mzee wa makamo asiyemfahamu alisimama dirishani wakati wa hesabu. Alinyoosha mkono, akakigusa kile kiti cha mtoto kwenye mguu mmoja, mahali palipokuwa na alama ya kuungua, akauacha mkono wake pale. Mwalimu Makopo alitaka sana kumuuliza jina, na anakaa wapi, na alikuwa na miaka mingapi mji ulipokimbia. Badala yake alikichukua kiti, akampitishia dirishani, akawageukia watoto, akawaambia waendelee na swali la tano.